Jinsi ya Kumtafuta Ali na Kulipata Salio: Mwongozo wa Makro kwa Wanaoanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuwa na Excel. Wangekuwa nayo, wangeongeza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, daftari hilo likitiwa makro na mtu aliyejifunza jana usiku. Tofauti ni kwamba hii hupotea kwa mpangilio: mstari kwa mstari, kwa nusu sekunde, na mwishoni kijisanduku kinatokea katikati ya kioo kukuarifu kwamba kazi imekamilika.

Nina sifa zote za kuandika mwongozo huu. Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, wanachama 28, kikao kila Jumamosi alasiri barazani kwa mwenyekiti. Nilichaguliwa kwa kishindo kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuja na begi la laptop. Ndani mlikuwa na mwavuli na chapati mbili, lakini hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo hisa, marejesho, faini za kuchelewa na mfuko wa jamii viko mikononi mwangu, na mikono yangu iko kwenye kibodi.

Kwa asiyejua, makro ni maagizo unayoyaandika mara moja, kompyuta ikayatekeleza kila unapobonyeza kitufe. Katika Excel huandikwa kwa lugha iitwayo VBA, iliyoingia mwaka 1993 na haijaondoka mpaka leo, kama mgeni aliyeaga kwao kwamba anakwenda kulala siku mbili. Ifikirie kama mtoto unayemtuma dukani kwa Mangi. Mtoto wa kawaida akikuta sukari imeisha atarudi kuuliza. Makro hairudi. Itakuletea chochote kilichokaa pale sukari hukaa, hata kama ni sabuni ya unga, na wewe utaikoroga kwenye chai.

Hatua ziko saba. Ukizifuata zote kwa uaminifu hutabaki ulivyo, na huenda hata ukatibu usibaki kwako.

Hatua ya 1: Rekodi, kisha usisome ulichorekodi

Kuna kitufe cha kurekodi makro. Ukikibonyeza, Excel inakaa pembeni kama karani wa mahakama na kuandika kila unachofanya. Unakwenda kwenye jina la mwanachama, unapaka njano, unasimamisha rekodi. Tayari umekuwa mtaalamu wa programu. Unaweza kuwaarifu ndugu.

Anayeanza asifungue kamwe kutazama kilichoandikwa. Ukibonyeza Alt pamoja na F11 utakutana na mambo ya kukatisha tamaa. Utaona kwamba njano, kwa lugha ya huko, inaitwa 65535. Utaona kwamba kila ulipopandisha na kuteremsha ukurasa kwa wasiwasi, wasiwasi wako nao umeandikwa, mstari baada ya mstari. Na utaona hii:

Range("B14").Select

Yaani hukurekodi "nenda kwa Halima". Umerekodi "nenda mtaa wa B, nyumba ya kumi na nne". Leo Halima anaishi hapo. Jumamosi ijayo anaingia mwanachama mpya, unampachika karibu na juu kwa kuwa ni shemeji wa mwenyekiti, na wote walio chini yake wanasogea nyumba moja. Unabonyeza kitufe chako. Anayepakwa njano ya mdaiwa sugu ni mama wa watu aliyemaliza mkopo mwezi uliopita, na yuko nyuma yako anatazama.

Nina mpwa wangu anayesoma chuo, ambaye huja kula ubwabwa kila Jumapili na kulipa kwa ushauri. Yeye anasema kipo kitufe kingine kinachofanya rekodi ihesabu hatua kutoka ulipo, badala ya kushika anwani. Anasema pia kwamba kurekodi ni kwa kujifunzia maneno ya lugha, si kwa kuendeshea daftari la watu. Huyo ni mnoko. Mtakutana naye tena.

Hatua ya 2: Teua, teua, teua

Select maana yake ni kuteua, na sisi Watanzania uteuzi tunaujua. Hakuna kazi inayoanza mpaka mtu ateuliwe, jina lisomwe kwenye taarifa ya habari na picha yake isambae WhatsApp. Kwa hiyo mtu mwenye malezi huandika makro yake hivi:

Sheets("Hisa").Select
Range("C5").Select
Selection.Value = 50000

Umeteua laha, umeteua seli, ndipo ukampa mteule majukumu. Itifaki imezingatiwa. Kioo kinapepesa kama taa za ukumbi wa harusi huku wateule wakipokezana viti, na wanachama wanaochungulia mabegani wanaridhika kwamba kuna kazi inafanyika.

Mnoko aliandika kitu kilekile hivi:

Sheets("Hisa").Range("C5").Value = 50000

Mstari mmoja. Hakuna aliyeteuliwa. "Mjomba," akasema, "seli haihitaji uteuzi ndipo ipokee hela. Unajua ilipo, ipe." Nikamwambia kizazi chao hakina adabu.

Lakini uteuzi una masharti yake. Huwezi kuteua seli iliyo kwenye laha ambayo haiko wazi mbele yako. Ukijaribu, Excel inatoa kosa namba 1004 na kugoma. Na ukisahau ule mstari wa kwanza unaotaja laha, basi C5 itakayopokea 50,000 ni ya laha yoyote iliyo wazi saa hiyo. Kwangu ilikuwa laha ya Faini. Dada mmoja alijikuta ametozwa shilingi 50,000 kwa kuchelewa dakika tano. Alilipa kwanza, akauliza baadaye. Hiyo ndiyo nguvu ya kompyuta.

Hatua ya 3: Mtafute Ali kwa herufi tatu

Sasa tumefika penyewe. Laha yangu ina safu sita: Na., Jina, Hisa, Malipo, Salio na Hali, hii ya mwisho ikiwa ya kuandikia "Amelipa" au "Hajalipa". Majina yamepangwa kwa tarehe ya kujiunga, na Ali, aliyejiunga karibu na mwisho, yuko chini kabisa huko. Ali anadaiwa rejesho. Nikataka makro imtafute. Nikaandika mstari ambao kila anayeanza huuandika, kwa sababu unapendeza:

Cells.Find("Ali").Select

Nikabonyeza. Excel ikaruka ikateua kichwa cha safu: Malipo. Nikadhani imeteleza. Nikaiambia iendelee kutafuta. Ikateua Salio. Nikaiambia iendelee. Ikateua Hali. Kisha ikashuka kwa wanachama: Halima. Khalid. Rosalia. Salim. Kila ilipotua ilikaa kwa kujiamini, kama mtu aliyekuletea hasa ulichoagiza.

Mpwa akaingia. "Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kompyuta imeingiwa na virusi."

Akavuta kiti, akatazama kidogo. "Mjomba, ulimtafuta Ali, au ulitafuta herufi tatu?"

Nikasoma upya, polepole safari hii. M-ali-po. S-ali-o. H-ali. H-ali-ma. Kh-ali-d. Excel haikukosea hata mara moja. Usipoiambia vinginevyo, inaridhika na kipande cha neno, na haijali herufi kubwa wala ndogo. Lugha yetu nayo imejaa akina Ali. Ukimtafuta Asha kwa mtindo huu utampata Mashaka. Ukitafuta "lipa" ili uwaone waliolipa, utaletewa "Amelipa" na "Hajalipa" kwa usawa kamili, na mdaiwa atapaka rangi ya kijani kwenye jina lake kupitia mkono wako.

Dawa, kwa wanaopenda kuharibu raha, ni kuiambia ilinganishe seli nzima: LookAt:=xlWhole. Hapo Malipo na Halima wanapumzika. Ila sasa utagundua kwamba Ali ameandikwa "Ali Juma", kwa hiyo hayumo. Au ameandikwa "Ali" na nafasi moja tupu nyuma, kwa sababu mweka hazina wetu ana kidole gumba kizito, na kwa Excel "Ali" mwenye nafasi na "Ali" asiye na nafasi ni watu wawili wasiojuana. Nafasi hiyo haionekani kwa macho. Nilimtafuta Ali robo saa nikiwa namtazama. Kuna amri iitwayo Trim ya kukata mikia ya namna hiyo. Tembeza hiyo kwanza, ndipo utafute.

Na tarakimu je? Ukiitaka Excel itafute katika kinachoonekana, yaani LookIn:=xlValues, itatafuta kinachoonekana kweli. Tafuta 50000 kwa seli nzima wakati seli imepambwa ikasomeka 50,000, nayo itakujibu hakuna. Namba ya simu yenye tarakimu 12 inayoanza na 255, ukiiacha kwenye seli ya kawaida, inaonyeshwa kama 2.55 na mkia wa E+11, na hakuna mwanachama anayeijua simu yake kwa jina hilo. Mstari uliofichwa nao haupekuliwi kwa njia hii. Ukificha wadaiwa ili daftari lipendeze mbele ya wageni, makro itaapa kwamba kikundi hakina madeni.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo anayeanza asiambiwe, ili mshangao usipungue. La kwanza, Find ina kumbukumbu. Masharti uliyoipa mara ya mwisho, yaani kutafuta wapi, kwa seli nzima au kipande, kwa mistari au kwa safu, inayashika mpaka utakapoyabadilisha, na inayachukua hata kwenye kile kidirisha cha kawaida cha kutafutia kwa mkono. Makro yako inafanya kazi vizuri Ijumaa. Jumamosi asubuhi mweka hazina anatafuta kitu chake kwa mkono, anaweka tiki mahali, anafunga. Alasiri makro ileile, ambayo hakuna aliyeigusa, inaleta majibu mengine. Dawa ni kuandika masharti yote kila mara, hata kama unaona unajirudia.

La pili, Find usipoipa mahali pa kuanzia huanza kutafuta baada ya seli ya kwanza, na seli ya kwanza yenyewe huikagua mwisho kabisa baada ya kuzunguka yote. Ndiyo maana mwenyekiti wetu, aliyekalia seli ya kwanza ya majina, hupatikana wa mwisho kila anapotafutwa. Kusema kweli, hata bila kompyuta ni hivyohivyo.

Hatua ya 4: Usiulize kama yupo

Siku moja Ali anahama mkoa na kujitoa kikundini. Unafuta jina lake. Makro haijaambiwa. Inakwenda, inatafuta, inarudi mikono mitupu. Kwa lugha yake inarudisha Nothing. Nawe, kwa ule mstari mzuri wa hatua ya 3, hata ukiwa umetiwa dawa ya seli nzima, umekwisha kuiagiza imteue aliyepatikana. Itamteua nani? Hapo linatoka kosa namba 91, lenye ujumbe mrefu wa Kiingereza ambao tafsiri yake ya uswahilini ni: "Umenituma nimshike mkono mtu ambaye hayupo, nishike nini?"

Mnoko huuliza kwanza:

Set mtu = Range("B2:B29").Find("Ali", LookIn:=xlValues, LookAt:=xlWhole)
If mtu Is Nothing Then
MsgBox "Ali hayumo"
Else
mtu.Interior.Color = vbYellow
End If

Swali lenyewe linasomeka vibaya kidogo kwa Kiswahili, kama mtu si kitu, lakini ndilo linalotenganisha makro na mkosi. Tazama pia kwamba hakuna uteuzi hata mmoja hapo. Ametafutwa, ameuliziwa, amepakwa rangi akiwa alipo.

Wewe lakini umefuata mwongozo huu, kwa hiyo utachukua njia ya mkato. Kuna maneno manne ya uganga yanayoondoa makosa yote: On Error Resume Next. Yaani, kosa likitokea, pita, endelea na safari. Kelele zitakoma papo hapo. Nami nilishangilia. Kumbe Ali asipopatikana, uteuzi unashindikana kimyakimya, na anayebaki ameteuliwa ni yule wa mwisho kabla yake. Mstari unaofuata unasema "mteule apakwe njano", na anapakwa. Safari hiyo alikuwa Rosalia, ambaye katika miaka mitatu hajawahi kukosa hata hisa moja. Kosa lenye kelele nilikuwa nimelibadilisha kwa kosa lenye adabu.

Hatua ya 5: Zunguka bila kukumbuka ulikoanzia

Sasa unawataka wote wenye "Hajalipa", si mmoja. Kuna FindNext, inayokupeleka kwa anayefuata. Anayeanza huiambia: endelea maadamu unampata mwingine. Agizo linaonekana la busara. Tatizo ni kwamba FindNext ikifika mwisho wa orodha hairudi nyumbani. Inarudi juu na kuanza tena. Wa kwanza anapatikana upya, anapakwa njano juu ya njano, na safari inaendelea kama daladala isiyo na kituo cha mwisho. Feni ya laptop inalia. Wanachama wanasogea karibu, wengine wanasema labda inahesabu riba.

Esc huisimamisha, mara nyingi. Kama haikusikia, jaribu Ctrl na Break. Dawa ya kudumu anaijua kila aliyewahi kupotea porini: weka alama kwenye mti wa kwanza. Shika anwani ya seli ya kwanza uliyoipata, na ukiona umerudi hapo, simama.

Hatua ya 6: Mwisho wa orodha ni pale palipo wazi

Unataka kuteua safu nzima ya hisa, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, ujumlishe. Anayeanza husimama juu na kuamuru End(xlDown), yaani teremka mpaka mwisho. Excel inateremka, na ikifika kwenye seli tupu ya kwanza inajua mwisho ni hapo.

Nilikuwa nimeacha mstari mmoja mtupu kati ya waanzilishi 17 na wanachama 11 waliokuja baadaye, ili daftari livutie. Makro ikajumlisha waanzilishi, ikafika kwenye uwazi, ikavua viatu. Nilisoma jumla ile kwenye kikao cha kuandaa mgao wa mwisho wa mwaka kwa sauti ya mtu aliyetulia. Waanzilishi walitikisa vichwa kwa kuafiki. Wale 11 walitazamana.

Njia ya kuaminika ni kinyume: nenda chini kabisa ya laha, kisha panda mpaka ukutane na maandishi. Huandikwa Cells(Rows.Count, 2).End(xlUp).Row. Tangu Excel ya 2007 chini kabisa ni mstari wa 1,048,576. Kabla ya hapo ulikuwa 65,536. Ndiyo sababu unaandika Rows.Count badala ya namba uliyoikariri.

Ukidhani haya ni ya VICOBA tu, jifariji na wakubwa. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, likanukuliwa sana na wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, pamoja na walimu wake wawili, walilipekua jedwali lao. Wastani ulikuwa umeteua mstari wa 30 hadi wa 44, wakati orodha ilifika wa 49. Mataifa matano yaliachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Halikuwa kosa pekee walilolikuta wala si lililobadilisha namba zaidi, lakini ndilo lililokumbukwa na watu, kwa sababu kila aliyewahi kuvuta kipanya kwenye seli alijiona humo. Wenyewe walikiri kosa hilo la jedwali.

Na mwaka 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, taarifa za wagonjwa karibu 16,000 wa Uingereza zilichelewa kuingia kwenye hesabu na kwa wafuatiliaji, kwa kuwa zilipitishwa kwenye faili la muundo wa zamani wa Excel, ule wa mistari 65,536. Zilizozidi hapo zilikatwa.

Sisi tulikuwa na watu 28, na hata hapo kompyuta ilijaa, kwa njia nyingine. Nilikuwa nimetangaza kibebeo cha jumla kwa maneno Dim jumla As Integer, kwa kuwa neno Integer lilikuwa na sura ya heshima. Integer ya VBA haibebi zaidi ya 32,767. Hisa ya kwanza ilikuwa shilingi 50,000. Ikatoka kosa namba 6, la kufurika, kabla sijafika kwa mwanachama wa pili. Ukihesabu kwa shilingi yetu tumia Long, inayofika bilioni mbili na ushee. Ikizidi hapo, kikundi chenu si VICOBA tena.

Hatua ya 7: Futa kuanzia juu, na usitunze nakala

Hatua ya mwisho ni ya mashujaa. Nilitaka orodha safi ya wasiodaiwa, kwa hiyo niliiambia makro ianze mstari wa 2, ishuke, na kila penye "Hajalipa" ifute mstari wote:

For i = 2 To mwisho
If Cells(i, 6).Value = "Hajalipa" Then Rows(i).Delete
Next i

Mume na mke waliojiunga siku moja walikuwa wamekaa mistari jirani, na wote hawajalipa. Makro ikafika mstari wa 9, ikamfuta mume. Mke aliyekuwa wa 10 akapanda kuwa wa 9. Makro, ambayo kwa hesabu yake ya 9 imekwisha, ikaenda wa 10. Mume akaondolewa, mke akabaki kwenye orodha ya waaminifu. Nilivyosikia, jambo hilo lilizungumzwa nyumbani kwao wiki nzima. Wadaiwa wakikaa jirani, mmoja huokoka; ndiyo maana wanaojua huanza chini wakipanda, For i = mwisho To 2 Step -1, ili wanaosogea wawe ni wale waliokwisha kukaguliwa.

Nikabonyeza Ctrl na Z nirudishe. Kimya. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba tatizo ni kidole. Makro ikishabadilisha laha, ile historia ya kurudi nyuma hufutwa; hakuna jana ya kurejea. Nakala sikuwa nayo. Makro yenyewe nayo niliipoteza jioni hiyohiyo, kwa kuhifadhi faili kama .xlsx badala ya .xlsm. Excel ilinionya kwamba makro hazitabaki. Nilijibu ndiyo, kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na kidole.

Kilichookoa mgao ule ni kaunta buku la mweka hazina, yule mwenye kidole gumba kizito. Kila Jumamosi huandika kwa kalamu, mstari kwa mstari, jina kamili na kiasi, bila kuacha mstari mtupu. Tulikaa mpaka usiku tukiyaingiza upya, yeye anasoma, mimi naandika. Alipofika kwa Ali alisoma jina lote: Ali Juma. Hakuhitaji kuambiwa kwamba Salio si mtu.

Bado ni katibu, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye begi. Makro yangu ya sasa ina mistari isiyozidi kumi: inataja laha, inatafuta kwa masharti yote, inauliza kama mtu yupo, na haimteui yeyote. Mpwa anasema inatosha. Nawe unayeanza, kabla hujabonyeza kitufe chochote cha mwongozo huu, fanya jambo moja nililolifanya la mwisho badala ya la kwanza: hifadhi nakala ya faili kwa jina lenye tarehe ya leo. Kisha mtafute Ali kwa jina lake lote.